Staringi Hafi: Juu ya Kuzipa Majina Ruwaza za Hadithi

Mtu yeyote aliyewahi kulipa kiingilio katika kibanda umiza cha Majengo au Pasua, hapa Moshi, anaijua kanuni ya kwanza ya uhakiki wa filamu hata kabla ya kujua kwamba uhakiki ni fani: staringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akatupwa mtoni, akafukiwa akiwa hai, na nusu ya watazamaji wakashika vichwa. Lakini wale wazoefu watabaki wametulia kwenye mabenchi yao, kwa kuwa wanajua kwamba mkanda bado ni mrefu na kwamba aliyelipiwa kiingilio ni yeye. Kanuni hiyo haikutoka kwa mwalimu wa fasihi. Ilitungwa na watu waliotazama picha nyingi za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, mara nyingi bila kuelewa neno hata moja la lugha ya wahusika, au kwa kumtegemea mtafsiri aliyeingiza sauti yake juu ya mkanda, na kwa sababu hiyo wakalazimika kuisoma hadithi kwa mifupa yake.

Naanza na maneno hayo mawili kwa sababu ndiyo mfano bora nilionao wa jina zuri la ruwaza, yaani umbo linalojirudia katika hadithi nyingi. Ruwaza za hadithi zimejaa kila mahali, na kuziorodhesha ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa: mama wa kambo mkatili, mtoto yatima, pete iliyopotea, mganga mwenye tamaa, rafiki msaliti. Orodha ya namna hiyo ni kama hesabu ya vyombo vilivyomo nyumbani kwa mtu. Unaweza kuimaliza yote na usijue wenye nyumba wanaishi vipi. “Staringi hafi” ni jina la aina nyingine. Linataja makubaliano kati ya anayesimulia na anayesikiliza, yaani kile ambacho msikilizaji ameahidiwa na anachokidai, na ndiyo maana siku staringi anapokufa kweli watazamaji hutoka wakilalamika kwamba wameibiwa fedha zao. Kwa maoni yangu ruwaza hukaa katika ahadi hiyo, na jina lisiloigusa ahadi halitusaidii sana, hata likiwa na namba yake katika katalogi.

Namba za katalogi zipo, na sina nia ya kuzidharau. Mfini Antti Aarne alichapisha mpangilio wake wa aina za ngano mwaka 1910. Mmarekani Stith Thompson akaupanua mwaka 1928 na tena mwaka 1961. Mjerumani Hans-Jörg Uther akaurekebisha mwaka 2004, na herufi za mwanzo za majina yao, ATU, hadi leo hutangulia namba ya kila ngano ambayo mtafiti anataka kuilinganisha na nyingine. Kwa mtu anayetaka kujua kama kisa alichosimuliwa Unguja kilishawahi kusimuliwa India au Ujerumani, kazi yao ni hazina. Aliye karibu zaidi na kibanda umiza, hata hivyo, ni Mrusi Vladimir Propp, ambaye mwaka huohuo wa 1928 alichapisha uchambuzi wa ngano mia moja za Kirusi na kudai kwamba matendo yanayozijenga hayazidi 31. Propp aliona kwamba tai anayembeba shujaa hadi nchi ya mbali, farasi anayetolewa na mzee, mashua inayotolewa na mchawi, na pete ambayo ndani yake hutoka vijana wa kumsafirisha mtu, vyote vinafanya kazi moja: shujaa amepewa msaada na msaada umemfikisha. Watazamaji wetu wangemwelewa upesi, kwa sababu nao hawajali kama staringi ni polisi, mkulima au mtawa wa Shaolin, ilimradi anafanya kazi ya ustaringi.

Lakini Propp aliishia kwenye tendo. Hakushughulika sana na msikilizaji anafanya nini moyoni wakati tendo linarudiwa kwa mara ya nne na ya tano, na kwangu mimi raha ya hadithi nyingi iko hapo.

Tuchukue kisa cha Sultani Majnun, ambacho Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa misheni ya UMCA, alikichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozikusanya Zanzibar. Sultani ana paka. Paka anakamata ndama, watu wanakuja kushtaki, na Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakamata mbuzi, na jibu ni lilelile. Paka anazidi kukua, anahama mjini, anaanza kula watu, anageuka kuwa Nunda mla watu, na Sultani hazinduki mpaka Nunda anapowala wanawe mwenyewe. Ruwaza hii ningeiita Paka ni Wangu. Anayeifahamu ataiona katika filamu za Kibongo ambamo mama anafunika wizi mdogo wa mwanawe kwa kuwa mwana ni wake na fedha zilizoibwa ni zake, na ataiona pia katika magemu yanayohusu kampuni iliyofuga kiumbe cha hatari katika maabara yake ikiamini kwamba mwenye mali hadhuriki na mali yake. Ahadi inatolewa katika jibu la kwanza kabisa. Msikilizaji anaposikia “ni wangu” mara ya kwanza, tayari anajua hesabu itafika wapi. Kila jibu linalofuata linamsogeza hatua moja kuelekea mlangoni kwa msemaji, na kinachomshika mtu kitako ni kuona jinsi msemaji anavyohesabu mwenyewe bila kujua anachohesabu.

Kisa hakiishii hapo. Kitinda mimba wa Sultani anatoka kwenda kumuua Nunda, ingawa hajui Nunda anafananaje. Anaua mbwa, anarudi naye akiimba ushindi, na mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye huyo. Anarudi na ngawa: siye. Anarudi na punda milia: siye. Anamuua twiga, kifaru, hata ndovu, na kila mara wimbo ni uleule na jibu ni lilelile, mpaka anapompata Nunda mwenyewe.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ilitoa gemu la Super Mario Bros., lenye dunia nane, kila dunia na ngome yake. Mchezaji akimshinda adui wa ngome ya kwanza, anamkuta mtumishi mwenye kichwa cha uyoga ambaye anamshukuru na kumweleza kwamba binti mfalme wao yuko katika ngome nyingine. Maneno hayo anayasikia katika ngome saba, na binti mfalme anampata katika ngome ya nane. Sidai kwamba mtu yeyote wa Kyoto aliwahi kusoma hadithi za Zanzibar. Ninachosema ni kwamba watunzi wa pande zote mbili walifahamu thamani ya ushindi unaokataliwa, na kwamba tukiuita Siye Huyu tutakuwa na jina linalofaa pande zote mbili.

Hapohapo jina linaanza kutuonesha tofauti. Mtoto anayesikiliza kisa cha Nunda anacheka, kwa sababu anajua twiga ni nini na anajua kwamba twiga hajala mtu. Shujaa ndiye asiyejua. Kila “siye” ya mama ni ushindi wa msikilizaji, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa mama, na mara nyingi anaimba jibu hilo pamoja na msimulizi kabla halijatamkwa. Katika gemu msikilizaji na shujaa wamekuwa mtu mmoja. “Siye huyu” inaangukia vidole vilivyochoka, na badala ya kicheko inaleta mguno. Tendo ni moja, hata Propp angelipa namba moja, ila ahadi zimepishana: msimulizi wa Nunda anaahidi kwamba wewe utajua kabla ya shujaa, na mtengenezaji wa gemu anaahidi kwamba utajua baada ya kutoka jasho.

Wachezaji nao wamejifunza kupunguza tofauti hiyo. Mpwa wangu, ambaye hajapata kumsikia Nunda, hucheza na mwenzake sebuleni kwetu, na dude kubwa lenye mikono sita linapoanguka mwenzake akianza kushangilia, humwambia, “Tulia, huyo siye bosi.” Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kwa upole anaoutumia kwa wazee: “Mjomba, muziki haujabadilika.” Hilo ni jibu la mhakiki. Ameitambua ruwaza kwa alama ambayo mtunzi aliiweka makusudi ili itambuliwe na aliyezoea, kama vile msimulizi wa Nunda alivyouacha wimbo usibadilike mpaka mnyama wa mwisho.

Nifungue mabano kidogo juu ya kitinda mimba. Vitabu vya kigeni humweka mtoto wa mwisho katika fungu la wanyonge wanaoinuka: kaka zake wanamdharau, kisha yeye ndiye anayefaulu. Katika kisa cha Nunda ndivyo ilivyo, kwani kaka zake walipotumwa kulinda mtende wa baba yao walilala, naye akakesha. Lakini simulia kisa hichohicho huku mlimani, ambako kwa desturi mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, na uone kama wasikilizaji watashangaa. Wengi watasema, basi, si ndiye mwenye nyumba? Jina “mnyonge anayeinuka” halishiki vizuri hapa, kwa sababu limehesabu cheo cha mtu bila kuuliza cheo hicho kina uzito gani kwa wanaosikiliza.

Nirudi kwa staringi. Staringi hafi, lakini Fumo Liyongo alikufa, na hakuna Mswahili aliyedai arudishiwe kiingilio chake. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ulioletwa na kijakazi Saada, huku makelele ya ngoma yakifunika sauti ya pingu zinazokatwa; huyo ni staringi wa kawaida kabisa, na tupa ndani ya mkate ingeingia bila shida katika kibonzo chochote cha Kimarekani kuhusu wafungwa. Kisha mwanawe, aliyehongwa na adui, anamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumdhuru, naye anamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Tangu beti hizo ahadi ya zamani imefutwa na mpya imeandikwa mahali pake. Siri ya mwili ikishasemwa, lazima itumike. Wagiriki walikuwa na kisigino cha Achilles, Wajerumani walikuwa na bega la Siegfried ambalo jani lilizuia damu ya joka isiliguse, na kila msikilizaji wa hadithi hizo anajua kwamba mahali palipotajwa ndipo silaha itakapopita.

Ruwaza hii naiita Kitovu, na magemu yameigeuza kwa namna ambayo huwa inanipa mawazo. Bosi wa gemu naye ana kitovu chake: jicho linalowaka, jiwe jekundu mgongoni, mdomo unaofunguka kwa sekunde chache. Mchezaji anazunguka, anapigwa, anachunguza mpaka anapaona, na anapopaona anafurahi. Lakini katika mpangilio wa utenzi, anayetafuta kitovu ni yule mwana msaliti. Gemu limemchukua mchezaji likamsimamisha pale aliposimama mwana wa Liyongo, likampa sindano mkononi na kumwambia kwamba yeye ndiye staringi. Zipo gemu chache ambazo zimeliona jambo hili na kumfanya mchezaji aone haya baada ya kumwangusha kiumbe asiyekuwa na kosa. Nyingi zinampa pointi na kuendelea.

Nacho kifo cha Liyongo kina hesabu yake. Baada ya kuchomwa, aliamka, akatwaa upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kuuvuta mshale, na katika hali hiyo roho ikamtoka. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji, kwa kuwa walimwona bado yuko tayari kupiga. Mtunzi aliyevunja “staringi hafi” ameilipa fidia: staringi amekufa, ila mji mzima hauthubutu kumkaribia. Ahadi ikivunjwa hivyo msikilizaji hapati hasara.

Kisa cha Murile nakipitia kwa ufupi, ingawa ndicho cha kwetu zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Kijerumani aliyeishi Old Moshi, alikiweka katika kitabu chake cha masimulizi ya Wachagga cha mwaka 1914. Murile anapaa hadi mbinguni akiwa juu ya kigoda cha baba yake, na huko anatafuta njia ya kwenda kwa Mfalme wa Mwezi. Anakutana na wakata majani, walimaji, wachunga ng'ombe, wachota maji, na kila kundi linamwambia: tusaidie kwanza, kisha tutakuonesha. Anayecheza magemu ya safari ndefu atakuwa ameshatabasamu, maana nusu ya magemu hayo ni Nisaidie Kwanza: mzee wa kijiji amepoteza mbuzi, mhunzi anataka chuma, bila hivyo hupiti. Wachezaji huilalamikia ruwaza hii kwamba inarefusha mchezo bure, na mara nyingi wana haki. Kwa Murile kila kazi inaonesha upande mmoja wa nchi ambayo hatujaijua, hivyo anapofika kwa mfalme na kukuta watu wanakula vyakula vibichi kwa kukosa moto, tumeshaitembea nchi hiyo na tunafahamu thamani ya kile atakachowafundisha. Kazi isiyotuonesha kitu ni kodi tu.

Sasa nifike kwenye sababu hasa ya kuziogopa namba. Katika kitabu kilekile cha Steere mna kisa cha Sultani Darai. Maskini Hamdani, ambaye riziki yake ni kupekua jaani, anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa anazungumza. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mbali kama zawadi ya bwana wake, anadanganya kwamba bwana huyo amevamiwa na wanyang'anyi na kuvuliwa nguo, anamwoza binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumtwalia bwana wake nyumba ya nyoka huyo. Msomaji wa ngano za Ulaya atasema mara moja: huyu ni paka wa Mfaransa Charles Perrault, yule aliyevaa buti, wa mwaka 1697. Atakuwa sahihi. Katalogi inavipa visa vyote viwili namba ATU 545B, na mambo yanafuatana karibu hatua kwa hatua.

Paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Paa anaugua. Anamtuma kizee kwa bwana wake, na bwana anajibu kwamba apikiwe uji wa mtama. Mke wake anamsihi, hasikii. Paa anakufa kwa majonzi na mzoga wake unatupwa kisimani. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake, anaamka na kujikuta huko kweli. Hamdani anaota anapekua jaani, na anapoamka yuko jaani, mikono vumbini, kama siku ya kwanza.

Nani atakubali kwamba hizi ni hadithi moja? Kwa vyombo vilivyomo, ndiyo: mnyama mwerevu, bwana mzembe, uongo wa nguo, jumba la zimwi. Kwa ahadi, ziko mbali mno. Perrault anamwambia msikilizaji kwamba ujanja hulipa, na mwenye paka mjanja asiulize maswali. Msimulizi wa Darai anafungua deni tangu thumuni ile ya jaani, analiongeza kwa kila wema wa paa, na msikilizaji wa pwani anakaa akilisubiri deni hilo lidaiwe. Mtu aliyeusikia mwanzo akiwa na paka wa Perrault kichwani atauona mwisho kuwa umeongezwa kwa nguvu. Mtu aliyesikia deni atauona kuwa ulikuwepo tangu sentensi ya kwanza. Ningekiita Deni la Paa, na ningeliweka katika fungu moja na visa vya wahusika waliosahau aliyewabeba, hata kama ndani yake hamna mnyama anayesema.

Hii ndiyo sababu sifurahishwi na mazungumzo ya siku hizi ambamo mtu akishataja jina la ruwaza anaona kazi imekwisha: “Ah, hiyo ni ileile ya msichana wa kijijini anayekuja mjini.” Ndiyo, ni ileile, na jina limekufungulia mlango. Swali linalobaki ni kwamba mtunzi huyu ameahidi nini kwa kuitumia, na amelipa au amekimbia.

Filamu za Kibongo zinatupa mfano mzuri wa kukimbia. Katika miaka ya mikanda na diski filamu moja ilikuwa ikikatwa katikati na kuuzwa kama sehemu ya kwanza na ya pili, na watazamaji walikwishazoea kwamba mke akifungua mlango tu na kupiga yowe, maandishi yanapanda. Mbinu yenyewe ni ya kale. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela aliishi kwa kukatiza kisa alfajiri ilipoingia. Kwake kukatiza kuna bei, maana shingo yake iko rehani na mfalme anayesikiliza ndiye mwenye upanga, kwa hiyo kila usiku tunakuwa na mashaka mawili, ya kisa na ya msimulizi. Kwenye diski mashaka yalikuwa moja, na mara nyingi sehemu ya pili ilipofunguliwa tulikuta mke alipiga yowe kwa kumwona shemeji yake aliyerudi safari. Watu wa vibandani waliipa ruwaza hiyo majina kadhaa, ambayo karibu yote hayaandikiki hapa.